Jenga Kipimo Kabla ya Kujenga Roboti

Kijana mwenye kompyuta ya mtumba na kifurushi cha intaneti, awe Kibiti mjini, Bungu au Nyamisati zinakofunga boti za Mafia, leo anaweza kushusha lugha ya programu ya Python bila kulipa hata senti, na baada ya wiki chache akawa ameandika programu inayosoma bei na kuamua lini inunue na lini iuze. Ni kazi nzuri ya kujifunzia. Inamlazimisha mtu kushughulika na tarehe, asilimia, data zenye makosa na maamuzi ambayo matokeo yake yanahesabika, mambo ambayo mazoezi ya vitabuni huyagusa juu juu. Lakini kazi hiyohiyo ndiyo inayouzwa kwenye simu zetu kwa jina la roboti ya foreksi, pamoja na picha za magari na ahadi ya faida inayoingia hata mwenyewe akiwa amelala. Ushauri wangu kwa anayetaka kuingia humu ni huu: aanze na kipimo, si na kanuni ya kununua na kuuza, na kipimo hicho akijenge juu ya soko analolijua kwa macho yake, yaani mnada wa ufuta na wa korosho, kisha Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kanuni ya kununua huandikwa kwa jioni moja. Kipimo kinachoweza kumwambia mwandishi wake ukweli kuhusu kanuni hiyo huchukua miezi, na hicho ndicho chenye thamani.

Ushahidi wa jambo hili upo. Mwaka 2011 huko Boston, Marekani, ilianzishwa kampuni iitwayo Quantopian, iliyowapa watu wa kawaida duniani kote data za bei na mahali pa kuandika na kujaribu programu zao bure. Mwaka 2016 watafiti wake walichukua programu 888 za watumiaji hao wakalinganisha mambo mawili: jinsi kila programu ilivyofanya kwenye bei za nyuma ambazo mwandishi alizitumia kuijenga, na jinsi ilivyofanya kwenye bei zilizokuja baadaye, ambazo hakuwahi kuziona. Uwiano wa Sharpe, kipimo kinachopendwa sana cha faida ikilinganishwa na kupanda na kushuka kwake, ulikuwa karibu hauna uwezo wowote wa kutabiri. Programu iliyong'ara kwenye bei za nyuma haikuwa na sababu ya kuaminiwa kuliko iliyofifia. Zaidi ya hapo, kadiri mtu alivyorudia kuijaribu na kuirekebisha programu yake, ndivyo pengo kati ya matarajio na hali halisi lilivyokua. Yaani bidii ilizidisha kosa, kwa sababu ilikuwa bidii ya kurekebisha kanuni bila kurekebisha kipimo. Quantopian yenyewe ilifunga milango mwaka 2020.

Atakayesema kwamba hao walikuwa wanajifunza tu, atazame walioweka fedha. Nchini Brazili watafiti Chague, De-Losso na Giovannetti waliwafuatilia watu walioanza kununua na kuuza mikataba ya hisa ndani ya siku moja kati ya mwaka 2013 na 2015. Kati ya walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza fedha, na ni asilimia 1.1 tu waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara cha nchi hiyo. Mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, ilipobana biashara ya mikataba ya kubahatisha bei mwaka 2018, ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu binafsi hupoteza. Najua jibu linalokuja haraka: mbona Jim Simons, mwanahisabati wa Marekani, alitajirika kwa kompyuta? Ni kweli alitajirika. Kampuni yake ya Renaissance iliajiri wanahisabati na wanafizikia waliobobea, ikakusanya na kusafisha data kwa miongo, na mfuko wake maarufu wa Medallion hatimaye ukafungwa kwa watu wa nje. Ukimchunguza vizuri Simons utaona kwamba mfano wake unathibitisha hoja yangu: nguvu yao ilikuwa kwenye usafi wa data na ukali wa majaribio, si kwenye kanuni moja ya siri iliyoweza kuuzwa kwa bei ya kocha wa mtandaoni.

Kwa nini basi ufuta? Kwa sababu kijana wa Kibiti anajua maana ya kila tarakimu. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, AMCOS, unapimwa, unaingia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, kisha unauzwa mnadani chini ya chama kikuu cha Pwani, CORECU. Zamani barua za zabuni za wanunuzi zilifunguliwa mbele ya wakulima. Miaka ya karibuni minada imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Siku ya mnada hutangazwa bei ya juu na bei ya chini, na hapo ndipo somo la kwanza lilipo. Programu itakayohifadhi bei ya juu peke yake itaonyesha faida ambayo wakulima wengi hawakuipata, kwa kuwa mizigo mingine iliuzwa chini ya hapo. Lazima uhifadhi bei zote mbili pamoja na kilo zilizouzwa kwa kila bei, na kama kilo hazijulikani, hesabu kwa bei ya chini. Toa pia makato ya chama cha msingi, ya chama kikuu na ya ghala kabla ya kuandika senti moja kwenye safu ya faida. Andika tarehe ya mnada kando na tarehe ya malipo, maana fedha inayofika baada ya wiki mbili haikuwepo siku ya mnada, na programu isiyojua hilo itaitumia fedha kabla haijaingia.

Swali la kujaribu nalo liwe dogo na la kweli. Mkulima mmoja mmoja hana sauti kubwa juu ya bei, kwa kuwa wanachama hukubali au hugomea bei kwa pamoja; uamuzi ulio mikononi mwake ni lini apeleke mzigo. Basi programu iulize: je, aliyepeleka mapema msimu alilipwa vizuri kuliko aliyechelewa? Kisha ilinganishe kila kanuni unayoibuni na kanuni ya kijinga kuliko zote, ile ya kuuza mnada wa kwanza bila kufikiri. Ukipuuza ulinganisho huu hujajaribu chochote. Mwaka ambao bei ilipanda kila mnada, kanuni yoyote ya kusubiri itaonekana ya kifalme. Mwaka wa kushuka, kanuni yoyote ya kuwahi itaonekana hivyo. Kwenye korosho kuna mtego zaidi. Bei zikianguka mwishoni mwa msimu, programu itadhani imegundua tabia ya soko, kumbe huenda mvua imenyeshea korosho na ubora umeshuka. Mtu aliyewahi kuona korosho ikianikwa Bungu au Jaribu Mpakani ataongeza safu ya daraja la ubora kwenye data zake. Mtu anayecheza na jozi za fedha za kigeni asizozijua hana namna ya kushuku chochote, na hilo ndilo linalonifanya nisisitize soko la karibu.

Minada hiyo inafundisha jambo jingine ambalo chati za kigeni hulificha. Msimu wa 2017/18 korosho ilifika hadi kupita shilingi 4,000 kwa kilo kwenye baadhi ya minada. Oktoba 2018 wakulima wa kusini waligomea bei ndogo zilizoletwa na wanunuzi, na Novemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akatangaza kuwa serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, magari ya jeshi yakaingia kazini kuisomba. Programu iliyojengwa kwa bei za 2016 na 2017 isingeweza kuliona hilo, kwa sababu halikuwemo kwenye data. Wala si jambo la Tanzania peke yake. Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imeizuia yuro isishuke chini ya faranga 1.20 tangu Septemba 2011. Tarehe 15 Januari 2015 iliondoa kizuizi hicho bila kumwonya mtu, na dakika chache zilitosha kufuta akaunti nyingi na kuiangusha kampuni ya udalali ya Alpari ya Uingereza. Miaka mitatu ya bei tulivu ilikuwa imezifundisha programu kwamba bei haiwezi kushuka hapo. Kwa hiyo kwenye kipimo chako weka siku mbaya za kutunga: mnada umefutwa, bei imepungua nusu, malipo yamechelewa miezi mitatu, mafuriko kama yale ya Aprili 2024 yamefunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Tazama programu inafanya nini. Ikivunjika au ikiendelea kununua kana kwamba hakuna kilichotokea, umejifunza jambo ambalo faida ya kwenye karatasi isingekufundisha.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, halitoki nje. Linatoka kwa mwandishi. Mwanafunzi anayekariri majibu ya mitihani ya nyuma hupata alama zote anapopewa mitihani ileile, na programu iliyorekebishwa mara nyingi juu ya bei zilezile hufanya hivyohivyo. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme una kanuni 1,024 zinazobahatisha tu kama msimu ujao bei itapanda au itashuka. Baada ya msimu mmoja, kama 512 zitakuwa zimepatia. Baada ya misimu kumi, kwa bahati tupu, kanuni moja hivi itakuwa imepatia yote kumi. Mwenye kuiona hiyo moja peke yake ataapa kwamba ina akili. Na kompyuta ya mtumba inaweza kupitia kanuni 1,024 kwa muda wa kunywa chai. Ndiyo maana nashauri mambo mawili yafanyike kabla ya jaribio la kwanza. Tenga sehemu ya data, tuseme misimu ya mwisho, uifungie kwenye faili ambalo hutalifungua mpaka kanuni iwe imekamilika. Ukishalifungua mara moja, limeshatumika, huwezi kulirudia kana kwamba hujaliona. Pili, weka daftari la kila kanuni uliyoijaribu, pamoja na zilizoshindwa. Idadi ya zilizoshindwa ndiyo inayosema iliyofaulu ina uzito gani. Na kwa kuwa misimu ya ufuta yenye rekodi nzuri ni michache, kanuni yako iwe na vigezo vichache sana, kimoja au viwili. Yenye vigezo vitano kwa misimu kumi imekariri, hata kama mwandishi wake hakukusudia.

Kuna wanaopinga wakisema data za hapa ni haba mno, afadhali kwenda kwenye foreksi ambako bei zinabadilika kila sekunde na historia ni ya miaka mingi. Uhaba ni wa kweli. Lakini wingi wa data haumsaidii mtu ambaye bado hajajua kudai ushahidi kutoka kwake mwenyewe. Unampa tu uwanja mpana zaidi wa kukariria. Aliyejifunza kusema "data hizi hazitoshi kuthibitisha" amepata ujuzi ambao wengi wenye mamilioni ya mistari ya bei hawana. Akitaka data zaidi, hatua inayofuata ni Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za TOL na ambalo hutoa taarifa ya bei kila siku ya kazi.

Hapo programu itakutana na gharama. Kwa muamala mdogo, kamisheni ya dalali pamoja na tozo za soko, za msimamizi na za hifadhi ya hisa hupita kidogo asilimia 2 unaponunua, na vivyo hivyo unapouza. Chukua mtaji wa shilingi 500,000. Kununua na kuuza mara moja kunakula kama shilingi 20,000, bei iwe haijasogea. Programu inayofanya hivyo kwa kiasi hichohicho kila baada ya wiki mbili itakuwa imelipa zaidi ya shilingi 500,000 kwa mwaka, yaani kiasi cha mtaji wote. Kanuni nyingi zinazosifiwa zinaishia hapa, mstari ule wa gharama unapoandikwa. Kisha kuna wanunuzi na wauzaji wenyewe. Baadhi ya hisa hupita siku bila hata moja kubadilishana mikono, na bei inayoonekana kwenye taarifa ni ya muamala wa zamani. Programu itaamini inaweza kununua hisa 10,000 kwa bei hiyo, wakati hakuna anayeuza. Weka sharti kwamba isinunue zaidi ya sehemu ndogo ya hisa zilizouzwa kweli siku hiyo, na isinunue kwa bei ya kufunga ya siku ileile iliyoitumia kuamua. Bei ya kufunga inajulikana soko likishafungwa. Hesabu za kampuni nazo ni hivyohivyo: za mwaka unaoishia Desemba hutangazwa miezi kadhaa baadaye, na programu inayozitumia kuanzia tarehe 31 Desemba inasoma yajayo.

Usikusanye kampuni zilizopo leo tu. Hisa za Acacia, kampuni ya dhahabu, ziliorodheshwa Dar es Salaam na London. Zikaporomoka mwaka 2017 baada ya serikali kuzuia usafirishaji wa makinikia, na Septemba 2019 zikaondolewa sokoni baada ya kampuni ya Barrick kuinunua. Anayechota orodha ya kampuni za sasa hataiona Acacia, na jaribio lake litakuwa limefutiwa hasara kimyakimya. Kalenda nayo inahitaji uangalifu: soko hufungwa Idd, na Idd hutegemea mwezi kuandama, hivyo orodha ya siku za kazi iliyoandikwa mwanzoni mwa mwaka inaweza kukosea kwa siku moja. Kosa la siku moja linatosha kuifanya programu ilinganishe bei ya Jumanne na tarehe ya Jumatano hadi mwisho wa faili.

Baadhi watataka programu iende mbele na kutuma oda yenyewe. Kwa mkazi wa delta ya Rufiji nashauri isifanye hivyo. Iandike pendekezo, mtu asome, mtu aamue. Umeme hukatika, na mtandao vivyo hivyo. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga ukanda huu wa Mafia na Rufiji, na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota nchi nzima na kwa majirani. Programu iliyonunua asubuhi na kupoteza mtandao mchana haiwezi kuuza jioni. Hata wenye umeme usiokatika hawako salama. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipeleka msimbo mpya kwenye seva zake nane, moja ikasahaulika na kubaki na msimbo wa zamani. Kwa muda wa dakika 45 seva hiyo ilimwaga oda ambazo hakuna aliyezikusudia, na hasara ikapita dola milioni 440. Kwa hiyo majaribio ya programu yenyewe, mbali na yale ya kanuni, yaandikwe tangu siku ya kwanza: bei ikiwa sifuri, tarehe ikijirudia, oda ikizidi fedha iliyopo, faili likikatikia katikati. Kwenye kila hali ya mashaka programu isimame na ieleze kwa nini imesimama.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba biashara ya kwenye karatasi haifundishi hofu. Mtu mwenye fedha yake ndani huvunja kanuni zake mwenyewe, na akaunti ya demo haimwonyeshi hilo. Nakubali. Lakini hofu ni mtihani wa mtu, na haina faida kumpa mtu mtihani huo kabla programu haijafaulu wa kwake. Iendeshe kwa karatasi msimu mzima, kwa bei zinazotoka siku kwa siku, bila kuigusa. Ikishinda kanuni ya kijinga baada ya gharama zote, na bado unataka kujua hofu yako, weka kiasi ambacho kikipotea chote ada ya mtoto na mbegu za msimu ujao havitaguswa. Fedha ya mkopo isiingie kabisa.

Na fedha ya mtu mwingine pia isiingie. Habari za programu huenea haraka kijijini, na atakuja jirani au mjomba na laki mbili mkononi akitaka imzalie. Kupokea na kuwekeza fedha za watu bila leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, ni kosa kisheria, na Watanzania wanakumbuka upatu wa DECI ulipofungwa mwaka 2009 na walioweka akiba zao humo walivyohangaika. Mrudishie fedha yake kwa heshima, umwelekeze kwa dalali mwenye leseni au kwenye mifuko ya UTT AMIS. Unachoweza kumpa bure, na kikamfaa kweli kama analima, ni jedwali la bei za minada iliyopita, za juu na za chini, pamoja na makato. Minada ya ufuta ikianza mwaka huu, andika bei hizo siku ileile zinapotangazwa, usisubiri mtu akusimulie baadaye.